Barua ya wazi: Kutuajiri mnajua, kutubakiza bado

Kwa Waheshimiwa mnaoongoza Wizara ya Afya, TAMISEMI na Utumishi, na nyinyi wakurugenzi wa halmashauri ambao madokezo yetu huwa yanalala mezani kwenu.

Shikamooni wakubwa, na wengine poleni na majukumu.

Jina langu liko kapuni, sababu mnazijua, mtumishi wa umma akifungua mdomo sana anaandikiwa barua ya kujieleza kabla hajamaliza sentensi. Itoshe tu kusema mimi ni muuguzi mkunga, niko wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya huku pembezoni kabisa, na kabla ya hapa nilikuwa zahanati ambayo ukiitaja hata watu wa mkoa wenyewe wanauliza hiyo iko wapi. Sijaja kulia njaa. Nina hoja moja na nitaizunguka mpaka tuelewane: manesi hawawakimbii kwa sababu mshahara mdogo, ndiyo ni mdogo ila tuliujua wakati tunaomba kazi. Wanawakimbia kwa sababu ya vitu ambavyo tayari vimo kwenye kanuni zenu wenyewe, mmevisaini wenyewe, na hamvitoi.

Kila mwaka wa fedha tunasikia kibali cha ajira kimetoka, kada ya afya wamepewa nafasi elfu kadhaa, meza zinagongwa bungeni, magazeti yanaandika. Tunashukuru, na wadogo zetu walioko mtaani na diploma zao wanazihitaji hizo nafasi kweli kweli. Lakini sijawahi kumsikia kiongozi akisimama na kusema, kati ya wale tuliowaajiri miaka mitatu iliyopita, wangapi bado wako kwenye vituo tulivyowapanga. Hiyo namba haitangazwi. Ningekuwa mbunge hilo ndo swali la nyongeza ningeuliza kila kikao mpaka spika anizoee.

Mazuri tusiyakatae. Tangu ule mpango wa MMAM wa 2007, zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yamejengwa na yanaonekana. 2021 ikaja tozo ya miamala, watu walilalamika ila vituo vya afya vikasimama, mwaka huohuo zikaja zile trilioni 1.3 za Uviko, tukaona hadi majengo ya dharura na wodi za uangalizi maalumu. Leo kuna mahali jengo ni zuri kuliko nyumba yoyote ndani ya tarafa, vigae chini, bati la rangi, ndani nesi mmoja anayezunguka vyumba vitano na funguo mfukoni.

Matokeo nayo yapo. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulisema wanawake 556 wanakufa kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukaja na 104. Akina mama wanaojifungulia kwenye vituo wakapanda kutoka 63% mpaka 81%. Februari 2025 Rais akapewa tuzo na taasisi ya Gates kwa ajili hiyo, na sisi huku tulifurahi jamani, tulitumiana zile picha kwenye magrupu yetu. Ila naomba mjiulize ile kazi ilifanywa na mkono wa nani. Wale 81% waliokuja kujifungulia kituoni, aliyewapokea saa tisa usiku ni nani, jengo?

Kuna kitu kimefanyika hapahapa nchini na ningetaka kila mkurugenzi akijue, ule mradi wa Safer Births kwenye vituo na hospitali 30 za mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Hawakufanya maajabu, walichukua wakunga haohao waliopo, wakawapa mdoli wa mazoezi, wakawa wanajifunza palepale wodini mara kwa mara, kidogokidogo, namna ya kumfufua mtoto ambaye hajalia na namna ya kumzuia mama asivuje damu. Matokeo yalitoka 2025, watoto wanaokufa ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kwa 40% na vifo vya akina mama vikashuka kwa asilimia 75. Sasa chukua huyo mkunga ambaye mkono wake umeshazoea, halafu aondoke. Mdoli utabaki kwenye kabati, ila mikono imeondoka naye, na anayekuja kuziba pengo anaanza upya, na kipindi anajifunza kuna watu wanalipia huko kujifunza kwake, mnaelewa namaanisha nini.

Nichukue usiku wa kawaida tu, wala sio ule wa kutisha. Zamu ina nesi mmoja na mhudumu mmoja. Saa nane anaingia mama wa uzao wa tano, njia imeshafunguka yote. Kitanda cha pili kuna binti wa uzao wa kwanza, presha 160 kwa 110, kichwa kinamuuma, anasema anaona nyotanyota, huyo anahitaji magnesiamu salfeti na hatakiwi kuachwa peke yake hata kidogo maana kifafa cha mimba hakipigi hodi. Mtoto wa yule wa kwanza anatoka, hajalia. Hapo una dakika moja, mama anatakiwa achomwe oksitosini ya kuzuia damu ndani ya dakika hiyohiyo, mtoto anatakiwa akaushwe asuguliwe mgongo na akigoma awekewe ambu, ule mpira wa kumpulizia hewa, na kule binti macho yameanza kugeuka. Mhudumu umemtuma akamwamshe dokta. Umeme umekatika, tochi ya simu kaishika mama mkwe wa mgonjwa, na kwa vile anaona aibu kuangalia amegeuza uso pembeni, mwanga wote unamulika ukutani. Unamwambia mama, mulika hapa, anasema sawa mwanangu, anamulika ukuta tena.

Mkipona wote mnapona kwa neema. Unapiga 115 ya m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, na hii niwapongeze kwa dhati, gari inakuja, binti anapelekwa hospitali ya wilaya. Ila nani amsindikize? Nikienda mimi wodi inabaki na mhudumu, nikibaki mimi binti anaenda njiani bila mtu wa kumchoma sindano akishtuka. Asubuhi ukimaliza kukabidhi zamu unakaa kujaza patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, na rejista za MTUHA, zile za takwimu za afya, halafu unakumbushwa hujaingiza majukumu yako ya wiki kwenye PEPMIS, ule mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji wa watumishi, na bando ni lako.

Hayo yote bado hayamkimbizi mtu, niwaambie ukweli, kazi ngumu tulijua ni ngumu, tulikula kiapo na mishumaa tukawasha. Kinachomkimbiza mtu ni wiki mbili baadaye, pale anapopeleka dai lake la onkol na ekstra duti, yaani posho za kuitwa na kufanya kazi nje ya zamu, za robo nzima, anarudishiwa jibu kwamba OC, fedha ya matumizi ya kawaida, haijashuka. Robo inayofuata, haijashuka. Mwaka wa fedha unaisha, anaambiwa yale ni madeni ya nyuma sasa, yanatakiwa kuhakikiwa, lete vielelezo upya. Vielelezo viko wapi? Vilipelekwa na yeye mwenyewe kwa bodaboda mpaka makao makuu ya halmashauri, kopi katoa kwa hela yake, kalala gesti usiku mmoja kwa sababu afisa anayesaini alikuwa semina. Ukipiga hesabu, kufuatilia dai kumekula karibu nusu ya dai. Kuna watu wameacha kudai kabisa, na nadhani kuna mahali hilo ndo linalotegemewa.

Nauli ya likizo, ambayo ni kila baada ya miaka miwili, wengine hawajawahi kuiona. Posho ya sare, angalieni picha yoyote ya manesi wa wilaya moja wamesimama pamoja, utaona weupe wa aina sita, kila mtu kashona kwa fundi wake kwa hela yake. Hela ya uhamisho ndo usiseme, unahamishwa kwa barua yenye mhuri wa "fika mara moja" na hela ya kuhamia inakuja mara moja kwa miaka, kama inakuja.

Niwaeleze habari ya binti mmoja, simtaji jina wala halmashauri. Aliajiriwa, akatoka upande wa pili wa nchi kabisa, basi siku mbili, begi na ndoo yenye vyombo. Kufika ofisini anaambiwa hela ya kujikimu haijaingia lakini karibu sana, kituo chako ni kile pale, kuna hardtop inaelekea huko kesho. Akafika. Nyumba ya mtumishi ipo moja na anakaa mganga mfawidhi na familia yake, ni haki yake. Mtendaji wa kijiji akamtafutia chumba, mlango wa bati unafungwa kwa waya, popo juu ya dari. Mshahara wa kwanza ukachelewa kwa sababu cheki namba, ile namba ya mtumishi ya malipo, haijatoka, miezi ikapita akiishi kwa daftari la mkopo dukani, na mwenye duka akaanza kumzoea kwa namna ambayo haikumpendeza. Usiku akiitwa kuzalisha anatembea peke yake na tochi. Tulimpenda, mikono ilikuwa mizuri, mpole kwa wagonjwa, wamama walikuwa wanauliza yule sista mfupi yuko zamu gani.

Hakufika hata kuthibitishwa kazini. Alienda likizo ya ugonjwa, hakurudi, baadaye tukasikia yuko kwenye kliniki ya mtu binafsi mjini, analipwa pungufu ya mshahara wa serikali. Pungufu, Waheshimiwa. Hilo neno naomba mlisome mara mbili maana kwenye vikao vyenu kila nesi akiondoka jibu ni "wanafuata maslahi". Huyu alikimbia maslahi akafuata mlango wenye komeo.

Kwa hiyo nikisikia mshahara wa kima cha chini umepanda kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai 2025, ile asilimia 35.1 iliyotangazwa Mei Mosi, nasema ahsante na sifanyi mzaha. Lakini nyongeza hiyo haimwekei yule binti komeo. Na zaidi ya hapo, mtu aliyekaa daraja moja miaka mingi kuliko alivyostahili haoni nyongeza, anaona deni. Mnakumbuka kile kipindi cha kuanzia 2016, uhakiki wa watumishi hewa, kisha uhakiki wa vyeti, kupandishwa madaraja kukasimama, ajira zikasimama. Aprili 2017 ikatoka orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sitetei vyeti feki hata kidogo, nesi wa cheti feki ni hatari kuliko kukosa nesi. Ila waliobaki walibeba zamu za walioondoka na papo hapo wakasubirishwa madaraja, na wengi wao ndo hawa sasa hivi ni wasimamizi wa wodi, ndo wanaotakiwa wawafundishe watoto wapya kupenda kazi. Mnataka afundishe nini mtu ambaye mwenzake waliyeanza naye kazi wilaya ya jirani yuko madaraja mawili mbele yake na hakuna anayeweza kumweleza kwa nini?

Nije kwenye kupanga vituo, hapa nina ugomvi na nyinyi kidogo. Nchi hii ina vyuo vya uuguzi vijijini tangu enzi za wamisheni, Ndanda kule Mtwara, Peramiho Ruvuma, Haydom Manyara, Nkinga Tabora, Kolandoto Shinyanga, Kabanga Kigoma. Wanafunzi wengi wa pale ni watoto wa maeneo yale, baba kauza ng'ombe au amekopa kwenye chama cha msingi kulipa ada, maana mikopo ya serikali kwa ngazi ya diploma imeanza juzijuzi tu mwaka wa masomo 2023/24. Mtoto wa Kasulu akasoma Kabanga, anaijua lugha ya wamama wa pale, anajua dawa za kienyeji wanazokunywa kuharakisha uchungu na anajua kuwauliza bila kuwakaripia. Akimaliza anajaza maombi, mfumo unamrusha Lindi. Na mtoto wa Lindi unamrusha Kigoma. Halafu wote wawili mwaka wa pili wako kwenye magrupu ya simu, "natafuta wa kubadilishana, mimi niko Kigoma natafuta Lindi au Mtwara", wakikutana wanahangaika na vibali, na kwa vile wameomba wenyewe kila mtu anajilipia gharama za kuhama. Mmewatenganisha bure na kuwakutanisha wanalipa wenyewe.

Najua hoja ya umoja wa taifa, na naiheshimu, mimi mwenyewe nimeolewa mbali na kwetu kwa sababu ya hiyo hiyo ajira. Wala sisemi kila mtu abaki kijijini kwao, hospitali za rufaa na za mikoa changanyeni mtakavyo. Nasema zahanati na vituo vya afya vya pembezoni, ambako mtu anakaa peke yake na kijiji kizima, mpeni kipaumbele aliyekulia maeneo hayo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa namna ya kuwabakiza watumishi wa vijijini mwaka 2010, wakauhuisha 2021, na mara zote mbili jambo la kuchukua wanafunzi wenye asili ya vijijini na kusomesha karibu na vijiji limo.

Na hizi nyumba. Taasisi ya Benjamin Mkapa iliwahi kujenga nyumba za watumishi wa afya kwenye wilaya ngumu, tunazijua, na nesi akipangiwa kituo chenye nyumba ile anapiga simu kwao kwa furaha. Haihitaji kamati kugundua kwamba mtu mwenye paa, maji na mlango unaofungwa anakaa. Nashangaa ramani ya zahanati inapitishwa, fedha inatoka, wananchi wanachangia mchanga na mawe, jengo linazinduliwa na utepe unakatwa, nyumba za watumishi zinaandikwa "awamu ya pili". Awamu ya pili nimeisikia tangu nikiwa mwanafunzi. Mngeweka sharti moja tu kwamba zahanati isifunguliwe bila nyumba ya watu wawili, najua wanasiasa watakasirika kwa sababu utepe utachelewa, lakini kijiji kingefunguliwa zahanati yenye watu ndani.

Halafu kuna hili la kamera. Kiongozi anakuja ziara, wananchi wanalalamika manesi wana lugha chafu, anaitwa nesi mbele ya mkutano wa hadhara, anasimamishwa jua kali, anaulizwa kwa ukali wewe unaitwa nani, televisheni zinachukua, jioni yuko kila simu nchini, watoto wake wanaona. Sikilizeni, lugha chafu ipo. Nimeisikia, na mama anayetukanwa wakati wa uchungu hasahau mpaka anazeeka, na anayefanya hivyo aadhibiwe. Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo, lina sheria ya 2010, lina uwezo wa kumwita mtu na kumfutia leseni, tumieni njia hiyo. Lakini kumdhalilisha mtu mkutanoni kabla hata hajahojiwa alikuwa zamu na wagonjwa wangapi, huko ni kutafuta kupigiwa makofi. Na sijawahi kuona siku moja afisa wa fedha akisimamishwa mbele ya umati aulizwe onkol za manesi ziko wapi. Ninavyoona mimi video moja kama ile inaondoa manesi wengi kuliko ajira moja inavyowaleta, maana vijana wa kidato cha nne nao wana simu, wanaona, wanasema bora nisome kitu kingine.

Majirani wametuonyesha njia zote mbili, ya kufuata na ya kuogopa. Kenya 2017 wauguzi wa serikali waligoma kuanzia Juni mpaka Novemba, miezi mitano wodi zimefungwa, na kiini chake kilikuwa makubaliano ambayo waajiri walichelewa kuyasaini na kuyatekeleza, ahadi, sio zaidi. 2021 haohao Wakenya wakasaini mkataba na Uingereza wa kupeleka wauguzi huko. Malawi kwa upande wao, walipoona watumishi wa afya wanaisha, 2004 walianza mpango wa dharura na wakaongeza mishahara ya kada muhimu kwa asilimia 52, kwa msaada wa wafadhili, na idadi ikapanda. Siwaombi ninyi asilimia 52. Nimesema mwanzo, naomba vilivyomo tayari kwenye kanuni zenu. Ila Tanzania nayo iko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi, ile ya 2023, nchi tajiri zinaombwa zisije kuchota wafanyakazi kwetu. Kwa hiyo wazungu wameambiwa wasituchukue, na sisi wenyewe tunajimwaga.

Na mzigo unaongezeka, sio unapungua. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada, wenzetu wengi wa mikataba ya miradi kwenye kliniki za CTC, zile za wanaoishi na VVU, walirudishwa nyumbani, wagonjwa hawakurudishwa nyumbani, wamebaki kwetu. Sheria ya bima ya afya kwa wote imepita 2023, na hiyo ni nzuri, mtu akiwa na bima anakuja mapema haji akiwa mahututi. Lakini atakuja. Foleni itakuwa ndefu na mwisho wa foleni yuko yuleyule mwenye funguo za vyumba vitano.

Wakati huohuo kuna wauguzi wenye leseni wanaojitolea bila mshahara. Hapa kwetu wapo, wanakuja na nauli zao, mkuu wa kituo akipata kidogo kwenye makusanyo anawapa ya sabuni. Wanafanya naiti, wanachoma sindano, wanabeba lawama, na usaili ukitangazwa wanapangwa foleni moja na mtu aliyekaa nyumbani tangu amalize chuo. Huyu anayejitolea ameshakubali kijiji, kijiji kimeshamkubali, ameshapata chumba, ameshajua njia. Mnatafuta nini tena zaidi ya hapo? Mwajirini palepale alipo.

Basi nachoomba ni hiki, nitasema kama ninavyomwambia mume wangu matumizi ya nyumbani, kwa mpangilio wa kinachouma zaidi. Madeni ya watumishi wa afya yajulikane kituo kwa kituo, orodha ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri kama mnavyobandika mapato na matumizi, jina sio lazima, weka cheki namba, kiasi, na tarehe ya kulipwa. Mtumishi mpya asipelekwe kituoni kabla hela ya kujikimu haijamfikia mkononi, kama haipo mwambieni asubiri kwao, atasubiri, ni bora kuliko kuja kukopa sabuni kwa watu asiowajua. Usiku wodi ya wazazi wawe wawili wenye leseni, na mahali ambapo haiwezekani semeni wazi kwamba haiwezekani ili tujue tunafanya rufaa mapema kiasi gani. Nauli ya likizo ilipwe kabla ya likizo, sio baada, mtu hasafiri kwa stakabadhi. Na mkurugenzi apimwe kwa hili kwenye hiyohiyo PEPMIS anayotubana nayo, wangapi wapya aliwapokea na wangapi bado wapo baada ya miaka mitatu.

Mei 12 inakuja tena, Siku ya Wauguzi, najua maandalizi yatafanyika, fulana zitachapishwa, mgeni rasmi atatuita malaika wa huduma. Fulana mwaka huu ninazo za kutosha za kupigia deki. Kama kuna bajeti ya fulana na keki ihamishieni kwenye onkol za wilaya moja tu, chagueni yoyote, mlipe zote, halafu mrudi mwaka unaofuata mhesabu manesi wa wilaya hiyo.

Na yeyote atakayetaka kuja kuhakikisha niliyoandika, asije saa nne asubuhi na msafara, saa nne kila mtu yupo na mashuka yamebadilishwa. Njooni saa nane za usiku bila kupiga simu, ingieni kituo chochote cha afya cha pembezoni, muulizeni mlinzi nesi wa zamu yuko chumba gani. Masika gari iacheni kwenye lami, huku ndani haipiti.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga, wodi ya wazazi